Ofisi Ikihama Kutoka Makindu: Namna ya Kudai Nauli ya Ziada

Hakuna kifungu cha sheria ya Kenya kinachomlazimisha mwajiri kumlipia mfanyakazi nauli ya kutoka nyumbani hadi kazini. Ni heri kuanza na ukweli huo, kwa sababu madai mengi huanguka papo hapo: mfanyakazi anaingia kwa meneja akilalamika kwamba nauli imepanda, meneja anamjibu kwamba kila mtu hujilipia nauli yake, na mazungumzo yanaishia mlangoni. Meneja amesema kweli, ila amejibu swali lisilofaa kuulizwa. Ghala, kliniki, duka au ofisi ikiondolewa Makindu na kupelekwa Emali, Kibwezi au Wote, mwajiri amegeuza sharti moja la mkataba, yaani mahali pa kazi. Nauli ya zamani ilikuwa yako na itabaki yako. Tofauti kati ya nauli ya zamani na ya sasa imezaliwa na uamuzi wake, na hiyo tofauti ndiyo unayoweza kuidai. Mwongozo huu wote unasimama juu ya tofauti hiyo: kuithibitisha, kuihesabu, na kuiweka mezani mapema kabla kimya chako hakijageuzwa kuwa ridhaa.

Msingi wa dai

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja mambo ambayo lazima yaandikwe katika mkataba wa kazi, na mahali pa kazi ni mojawapo. Kifungu kidogo cha 5 kinaendelea kusema kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ataurekebisha mkataba kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Yatazame vizuri majukumu mawili yaliyomo humo: kushauriana, na kuandika. Tangazo lililobandikwa ukutani kwamba kuanzia Jumatatu sote tutaripoti Emali halijatimiza la kwanza, na ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la wafanyakazi unatimiza la pili kwa shida. Mashauriano ndiyo mahali pa kuzungumzia nauli. Ukisubiri hadi mwezi wa tatu baada ya kuhama, utakuwa unaomba msaada. Ukizungumza wakati wa mashauriano, unajadili mkataba wako.

Wasio na mkataba wa maandishi, na ni wengi katika maduka, hoteli na magereji ya kando ya barabara ya Mombasa, hudhani kwamba hawana pa kushika. Sheria imeliona jambo hilo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba kesi ikifika mbele ya hakimu na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba ulioandikwa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo ukisema uliajiriwa kufanya kazi Makindu, na miaka yote umekuwa ukiripoti Makindu, ni juu yake kuonyesha vinginevyo.

Kuhama kwa kazi kuna uzito wake hapa Makindu. Mji huu ulikua pamoja na reli ya Uganda na baadaye barabara kuu, na kazi zake nyingi hufuata njia hizo. Treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza safari mwaka 2017, vituo katika kaunti yetu ya Makueni viliwekwa Mtito Andei, Kibwezi na Emali; Makindu haikupata. Kabla ya hapo, ugatuzi wa 2013 uliifanya Wote kuwa makao ya kaunti, na huduma kadhaa zikavutwa huko. Kwa hiyo kazi ikiondoka Makindu, kwa kawaida inaelekea upande mmoja kati ya hizo, na kila upande una gharama yake. Emali na Kibwezi ziko kwenye barabara kuu, magari ni mengi, lakini mengi yanatoka Nairobi au Mombasa yakiwa yamejaa, na abiria wa masafa mafupi hulipa atakachotajiwa, hasa siku za sikukuu. Wote iko nje ya barabara kuu, na asiyepata gari la moja kwa moja hulipa mara mbili njiani. Usiandike dai kwa kutumia nauli uliyoisikia. Andika ile unayolipa kwa njia unayopita.

Anza na karatasi ulizotia sahihi

Kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta nyaraka nne: barua ya kuajiriwa, mkataba wenyewe, kitabu cha kanuni za wafanyakazi kama kipo, na mkataba wa pamoja ikiwa chama chenu cha wafanyakazi kilitia sahihi na mwajiri. Mkataba wa pamoja ndio unaosahaulika zaidi, ilhali mara nyingi ndio wenye kipengele cha uhamisho, usafiri wa mizigo au posho ya kujikimu. Mwombe mwakilishi wa chama nakala, usome mwenyewe; usitegemee kusimuliwa.

Katika mkataba, tafuta sentensi inayompa mwajiri uwezo wa kukuhamishia kituo chochote. Wengi wakiiona hukata tamaa, na ni kweli kwamba inapunguza nguvu ya dai: huwezi kusema mahali pa kazi pamegeuzwa bila idhini ikiwa uliikubali idhini hiyo siku ya kwanza. Hata hivyo soma imesema nini na imenyamaza wapi. Uwezo wa kuhamisha ni jambo moja. Nani atabeba gharama ya kuhama ni jambo jingine, na mikataba mingi huishia kwenye la kwanza. Pale iliponyamaza, una nafasi ya kuuliza, ukisaidiwa na Kifungu cha 41 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Uliza kanuni za kampuni zinasemaje, na wenzako waliohamishwa kabla yako walilipwa nini. Mwajiri aliyewalipa watu wa Nairobi walipoletwa Makindu atapata taabu kueleza kwa nini watu wa Makindu wanaopelekwa Wote hawastahili.

Kwa watumishi wa umma, wa serikali kuu au wa kaunti, mlango ni mwingine. Miongozo ya rasilimali watu ya serikali na ya mashirika yake huweka posho ya uhamisho, na kiwango kilichozoeleka ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja, hulipwa mara moja. Mitego ni miwili. Wa kwanza ni neno ombi. Posho hulenga anayehamishwa na mwajiri. Aliyeomba mwenyewe kwa kawaida hapati. Tume ya Huduma kwa Walimu ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu nje ya kaunti zao za nyumbani kuanzia 2018, tofauti kati ya kuhamishwa na kuomba kuhama ilikuwa na maana ya pesa. Ukiambiwa uandike barua ya kuomba uhamisho ili mambo yaende haraka, huku uamuzi ukiwa umekwisha kutolewa na wakubwa, ujue kwamba barua hiyo yaweza kukaa kwenye faili yako ikilipinga dai lako. Mtego wa pili hutokea ofisi nzima inapohama: waraka mmoja unatolewa kwa wote, na hakuna anayepewa barua yenye jina lake na nambari yake ya kazi. Mhasibu hawezi kulipa kwa waraka. Omba barua yako binafsi inayotaja kituo cha zamani, kituo kipya na tarehe ya kuripoti.

Ukipewa masurufu kwa ajili ya safari za maandalizi, yarejeshe na risiti zake ndani ya siku 7 za kazi tangu urudi kituoni. Hivyo ndivyo kanuni za 2015 za usimamizi wa fedha za umma zinavyotaka, na anayechelewa hukatwa kwenye mshahara. Wapo waliopoteza posho halali kwa sababu masurufu ya zamani yalikuwa hayajafungwa.

Hesabu ya tofauti

Hesabu inayokubalika ina mistari mitatu tu: gharama ya zamani kwa siku, gharama mpya kwa siku, na tofauti mara idadi ya siku za kazi. Chukua mfano wa takwimu za kubuni, ili namna ieleweke. Mtu alikuwa akipanda bodaboda kwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, jumla 100. Sasa anapanda bodaboda ile ile hadi stendi, kisha matatu ya shilingi 200, jumla 250 kwenda na 250 kurudi, yaani 500. Tofauti ni shilingi 400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,400 kwa mwezi. Linganisha kiasi hicho na amri ya mishahara iliyoanza kutumika 1 Novemba 2024: kima cha chini cha kibarua wa kawaida nje ya majiji na miji mikubwa hakikufika shilingi 9,000 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Nauli ya ziada pekee inaweza kuumeza mshahara mzima. Mwonyeshe mwajiri ulinganisho wa namna hii kwa kutumia mshahara wako halisi. Unasema mengi kuliko malalamiko ya ukurasa mzima.

Kosa linaloharibu madai mengi ni kudai nauli nzima ya 500 badala ya tofauti ya 400. Linamfanya mwajiri aone kwamba unatafuta faida, na linamrudishia lile jibu lake la mwanzo kwamba kila mtu hujilipia. Kosa jingine ni kudai siku 30 za mwezi ilhali unafanya kazi siku 22 au 26, au kusahau kuondoa siku za likizo na za ugonjwa. La tatu ni kuchanganya gharama za kila siku na gharama za mara moja. Ukiamua kuhama nyumba, kukodi lori, kulipa amana ya nyumba mpya na kuwahamisha watoto shule, hayo ni dai tofauti na huwezi kuyadai pamoja na nauli ya kila siku kana kwamba bado unalala Makindu. Chagua njia moja na ueleze kwa nini ni nafuu kwa pande zote.

Anayetumia gari au pikipiki yake ana kazi ya ziada. Waajiri wengi hutumia viwango vya kilomita vya Chama cha Magari cha Kenya, AA. Uliza kama wako hufanya hivyo. Kama hafanyi, hesabu mafuta kwa bei ya EPRA, ambayo hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na kutumika kuanzia tarehe 15. Andika umbali kwa kusoma mita ya gari siku ya kwanza, kwenda na kurudi, na upige picha.

Ushahidi katika nchi isiyotoa risiti

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika nauli methali hii ni kanuni ya uhasibu. Kondakta wa matatu ya Emali hatoi risiti, mwenye Probox hatoi, wa bodaboda ndiyo kabisa. Mwajiri akisema leta risiti, anajua kwamba hazipo. Usigombane naye, jenga ushahidi wa aina nyingine, na uanze siku ya kwanza ya kituo kipya.

1. Lipa kwa M-Pesa kila inapowezekana, hata kwa nauli ndogo. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala kwa *334# au kwenye programu ya simu, kisha upige mstari chini ya malipo ya nauli tu.
2. Weka daftari la safari lenye tarehe, kituo cha kupandia, kituo cha kushukia, aina ya gari na kiasi. Jaza siku hiyo hiyo. Daftari lililojazwa kwa siku moja, kalamu moja na mwandiko usiobadilika hutiliwa shaka, na kwa haki.
3. Wiki ya kwanza, mwombe karani wa sako ya matatu au mwakilishi wa stendi aandike nauli ya kawaida ya njia hiyo kwenye karatasi yenye muhuri wa sako. Si wote watakubali. Jaribu wawili au watatu.
4. Linganisha daftari na rejista ya mahudhurio kazini. Siku isiyo kwenye rejista isiwe kwenye daftari.
5. Weka nakala nje ya ofisi na nje ya simu ya kazi.

Kama wenzako kumi wanasafiri njia moja, daftari kumi zinazokubaliana zina nguvu kuliko lako peke yako. Hapo dai la pamoja kupitia chama au mwakilishi linafaa, mradi kila mmoja awe na hesabu yake, kwa kuwa hamtoki kijiji kimoja.

Barua

Barua iwe fupi, ipelekwe kabla ya tarehe ya kuhama au ndani ya siku chache za mwanzo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha kwamba imefika. Sentensi muhimu kuliko zote ni ile inayosema kwamba utaripoti kazini huku ukihifadhi haki yako. Bila hiyo, mwezi baada ya mwezi wa kuripoti kituo kipya bila neno utasomwa kuwa umekubali masharti mapya kama yalivyo.

> Kielelezo cha barua
>
> Kwa Meneja,
>
> Kuhusu: Mabadiliko ya mahali pa kazi kutoka Makindu hadi ............
>
> Nimepokea taarifa ya tarehe ............ kwamba kituo changu kitahamia ............ kuanzia ............ Niliajiriwa kufanya kazi Makindu tangu ............
>
> Kwa mujibu wa kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira ya 2007, naomba kikao cha mashauriano kabla ya mkataba wangu kurekebishwa. Katika kikao hicho naomba tujadili gharama ya ziada ya usafiri, ambayo kwa hesabu niliyoambatisha ni shilingi ............ kwa siku, sawa na shilingi ............ kwa mwezi.
>
> Napendekeza nilipwe tofauti hiyo kwa muda wa miezi ............, au njia nyingine tutakayokubaliana.
>
> Nitaripoti kituo kipya kama nilivyoagizwa, huku nikihifadhi haki zangu chini ya mkataba wa sasa hadi tutakapokubaliana kwa maandishi.
>
> Jina, nambari ya kazi, tarehe na sahihi.

Pendekezo la muda maalumu halikuwekwa humo kwa bahati. Mwajiri anaogopa gharama isiyo na mwisho kuliko anavyoogopa gharama kubwa. Uingereza, masharti ya kazi ya wahudumu wa afya wa umma wa NHS yana utaratibu wa namna hii: aliyebadilishiwa kituo kwa sababu ya mabadiliko ya shirika anaweza kulipwa nauli ya ziada ya kila siku kwa hadi miaka 4, baada ya hapo anatarajiwa awe amejipanga. Kwa duka au shirika dogo la Makindu, miezi 6 au 12 ni ombi linaloweza kusikika. Kiasi kinaweza pia kupungua kwa awamu.

Kodi itakayokula sehemu ya ushindi

Hapa ndipo wengi waliokubaliwa hujikuta wamepata kidogo. Nauli ya kila siku ikiingizwa kwenye hati ya mshahara kama posho ya usafiri, inatozwa kodi pamoja na mshahara. Kwa viwango vya 2025, anayelipwa shilingi 40,000 akiongezewa posho ya 10,400 atakatwa asilimia 2.75 ya SHIF, asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, na PAYE ya asilimia 30 kwenye kinachobaki. Kati ya posho hiyo, mkononi atabaki na chini ya shilingi 7,000, ilhali matatu inataka 10,400 zote. Kwa hiyo katika kikao taja kiasi unachohitaji baada ya makato, na mwombe mhasibu akokotoe kiasi cha kabla ya makato kitakachokifikia.

Utasikia kwamba kuna pesa za safari zisizotozwa kodi. Ni kweli, na Sheria ya Fedha ya 2025 ilipandisha kiwango hicho kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku kuanzia 1 Julai 2025. Lakini msamaha huo ni kwa kazi inayofanywa nje ya kituo cha kawaida. Ofisi ikishahamia Kibwezi, Kibwezi ndiyo kituo chako cha kawaida, na safari ya kutoka nyumbani kwako Makindu kila asubuhi ni safari ya kwenda kazini tu. Msamaha unaweza kufaa katika kipindi cha mpito, pale kituo chako rasmi kikiwa bado Makindu na unatumwa Kibwezi kwa siku chache kupanga vifaa. Kampuni inayotaka kuuita kila mwezi wa mwaka kipindi cha mpito inajitafutia matatizo na KRA, na inaweza kukuachia sehemu ya matatizo hayo.

Njia inayokwepa mjadala huu kwa kiasi kikubwa ni gari la kazini. Wafanyakazi wanane wanaotoka Makindu saa kumi na mbili asubuhi wakichukuliwa na gari la mwajiri, gharama kwa kila mmoja hushuka. Lina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 huichukulia safari ya bure ya kwenda au kutoka kazini, kwa gari lililotengwa na mwajiri kwa shughuli hiyo, kuwa sehemu ya kazi. Ajali ikitokea kwenye barabara ya Mombasa, aliye ndani ya gari hilo ana njia ya fidia ambayo aliyepanda matatu kwa posho ya nauli hana kupitia sheria hiyo. Kwa hali ya barabara ile usiku, mimi ningelipima gari hilo kwa uzito zaidi ya shilingi chache za posho.

Watakayokujibu

Watakuambia biashara inahama kwa kuwa hali ni ngumu, pesa hazipo. Huenda ni kweli, na kumshinda kwa maneno mwajiri asiye na pesa hakukulipii nauli. Lete mbadala usiohitaji fedha taslimu: zamu inayoanza saa tatu badala ya saa mbili ili usilipe nauli ya asubuhi ya mapema, wiki ya siku tano ndefu badala ya sita, chumba cha kulala kituoni katikati ya wiki, au mkopo mdogo wa kuhama nyumba unaokatwa polepole kwa makubaliano ya maandishi. Kila kimoja kina thamani unayoweza kuiandika kwenye hesabu yako.

Watakuambia pia, au utajiambia mwenyewe usiku, kwamba anayedai anatafuta kufutwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kuwasilisha malalamiko au kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayo yalikuwa ya kizembe na hayana msingi. Sheria haimzuii mwajiri mwenye kinyongo kutafuta sababu nyingine. Ndiyo maana barua yenye tarehe, iliyopokelewa kwa muhuri, inakufaa mara mbili: ukifutwa wiki mbili baadaye kwa kosa ambalo halikuwahi kutajwa, tarehe hizo zitamfikirisha hakimu.

Jambo la kuogopa kweli ni kuacha kwenda kazini kwa hasira. Asiyeripoti kituo kipya bila ruhusa anaweza kufutwa mara moja kwa utoro, na dai la nauli litazikwa na dai la utoro. Kujiuzulu haraka nako ni hatari. Ikiwa nafasi yako ya Makindu imefutwa na huwezi kuhama, mweleze mwajiri hivyo kwa maandishi na umwombe ashughulikie jambo hilo kama kupunguzwa kazini chini ya kifungu cha 40: taarifa ya mwezi mmoja kwa chama au kwako, na kwa afisa wa leba, likizo iliyobaki kulipwa, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyejiuzulu mwenyewe anayaacha hayo mezani. Anaweza kudai kwamba alisukumwa nje, lakini hilo ni gumu: katika kesi ya Coca Cola East and Central Africa dhidi ya Maria Kagai Ligaga ya 2015, Mahakama ya Rufaa ilitaka kuonekane kwamba mwajiri alivunja msingi wa mkataba, na kwamba mfanyakazi aliondoka kwa sababu hiyo na bila kukawia.

Wakikataa kabisa

Anza na ofisi ya leba ya kaunti. Peleka barua yako, jibu lao kama lipo, mkataba, hesabu na daftari. Afisa wa leba anaweza kuwaita wote wawili kwenye kikao cha usuluhishi, na waajiri wengi ambao hawakujibu barua hujibu wito huo. Wenye chama waanze na chama, kwa kuwa mzozo wa mkataba wa pamoja una njia yake.

Ikishindikana, kuna mahakama, lakini si yoyote. Mahakama ya madai madogo huvutia kwa wepesi wake na kiwango chake cha hadi shilingi milioni 1, ila sheria yake ya 2016 inaitoa mizozo ya ajira. Ukifungua huko utafukuzwa baada ya kupoteza miezi. Mzozo wa ajira huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu 2018, mahakimu wa ngazi ya Hakimu Mkazi Mwandamizi kwenda juu nao wamepewa uwezo wa kusikiliza kesi za ajira ambapo mshahara wa mwezi hauzidi shilingi 80,000. Kwa hiyo ulizia kwenye masjala ya mahakama ya Makindu kabla ya kupanga safari ya mbali. Taarifa za M-Pesa na picha za simu zitahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki, jambo dogo ambalo karani au wakili atakuelekeza, lakini likisahaulika ushahidi wako wote unaweza kuwekwa kando. Muda wa kushtaki kwa mkataba wa ajira ni miaka 3.

Kabla ya kupokea chochote, soma karatasi ya mwisho watakayokupa. Mara nyingi ni fomu inayosema umepokea malipo yote na huna dai jingine lolote dhidi ya kampuni. Ikiwa unalipwa nauli ya miezi miwili tu kati ya sita, hakikisha miezi hiyo miwili imetajwa kwa tarehe, kata kwa kalamu maneno yanayofuta mengine, weka sahihi yako kando ya ulichokata, na uondoke na nakala.